Gari la Baba Lilikuwa Mawili

Baba alipofariki, gari lake lilibaki uani kwetu Mutanga Sud, mtaa wa pembeni ya mji, limeegeshwa kando ya ukuta na kufunikwa turubai. Lilikuwa gari la Kifaransa la zamani, la milango minne, rangi ya maziwa. Baba alikwenda nalo kazini Rohero miaka yote aliyokuwa mhasibu wa wizara. Ndani yake hapakuliwa kitu. Sisi watoto tulikung'uta viatu kabla ya kupanda, na aliyesahau aliteremshwa akung'ute upya.

Mama alihamia Kinanira kwa kaka yangu mkubwa, akaniachia mimi nyumba na gari. Kaka anafanya kazi benki. Mimi ninauza miche: parachichi, maembe, maua ya uani, miti ya kivuli. Miche haipendi kusafirishwa kwenye buti. Inafika imeinama, mingine imevunjika shingo, na mteja anaitazama kama mtu anayeonyeshwa mgonjwa. Nilihitaji kamyoneti, pikapu yenye nafasi wazi nyuma, na nilichokuwa nacho ni gari la baba.

Nililitaja jambo hilo mezani kwa kaka, Jumapili baada ya kanisa. Aliweka uma chini.

"Kulikata? Gari la baba?"

"Nikate nyuma tu. Mbele inabaki kama ilivyo."

"Baba aliliacha zima," akasema, "na wewe utaliacha zima."

Mama alikuwa akimenya chungwa. Hakuinua macho. "Gari nilimpa yeye," akasema. "Akitaka kufugia kuku ndani yake, ni lake."

Kaka akachukua uma wake, akarudi kwenye sahani.

Fundi nilimpata mtaa wa Buyenzi. Ni mtu wa makamo, amezaliwa palepale katika ukoo wa mafundi, na uani kwake kulikuwa na pikapu ndogo ya Kijapani iliyogongwa ikaharibika uso wote. Injini yake ilikuwa imekwisha, lakini bodi ya nyuma ilikuwa nzima, na shasi, fremu ya chini inayobeba gari, ilikuwa imenyooka. Nilimuuliza kama amewahi kufanya kazi ya namna hii, kuunganisha nyuma ya pikapu na mbele ya gari dogo.

"Apana," akajibu. "Ndiyo maana naitaka."

Jibu hilo lilipaswa kunitia wasiwasi. Badala yake lilinipendeza, nikampa ufunguo.

Alianza kwa kung'oa viti na zulia. Halafu akanipigia simu. "Mama," akaniita kwa heshima, "njo uone kitu. Sijakata bado."

Nilipofika alikuwa amepiga magoti ndani ya gari, anasugua sakafu kwa brashi ya waya. Alisogea nione. Chuma kilikuwa cheusi, lakini nyuma kidogo ya mahali pa kiti cha dereva palikuwa na mstari wa manjano, mpana kama kidole, uliokwenda kutoka upande mmoja wa gari hadi wa pili.

"Shaba," akasema. "Kiwandani hawaunganishi hivi. Hii ni mutu amefanya kwa mkono."

"Labda baba aligonga mahali, akatengenezewa."

"Labda. Tuangalie juu."

Akachukua sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akanipa niishike mwenyewe. Niliipitisha juu ya paa taratibu. Ilishika, ikashika, kisha ikateleza mkononi mwangu kama imekufa. Chini ya rangi hapakuwa na chuma pale. Palikuwa na puti, ule udongo wa kuziba mabonde ya bati kabla ya kupaka rangi. Nikarudia pembeni kidogo, ikateleza tena. Tuliufuata mstari ule kwa sumaku hadi tukalizunguka gari lote, naye akiweka alama kwa chaki.

"Gari hii iko mbili," fundi akasema. "Mbele ya moja, nyuma ya ingine."

Nilikaa kwenye tairi. Nikakumbuka vishikio vya kufungulia vioo: vya milango ya mbele vilikuwa na kichwa cheusi, vya nyuma kichwa cheupe. Nilimuuliza baba sababu nikiwa mdogo, akaniambia Wafaransa ndivyo walivyo. Niliamini jambo hilo kuhusu Wafaransa hadi nikakua nikaolewa.

Nilitaka kujua ni nani aliyefanya kazi ile. Fundi alisema zamani hapo mtaani watu walioweza kuunganisha gari zima kwa shaba walikuwa wachache, na mmoja yu hai bado, mtaa wa nne kutoka kwake. Alimfuata baada ya swala ya alasiri.

Mzee yule alikuja na kanzu iliyopigwa pasi vizuri, akalalamika kwanza kwamba tumekwaruza rangi bila adabu. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Aliingiza mkono ndani, akapapasa mstari kwa kidole gumba.

"Hii yangu," akasema. "Paa ndilo lilinisumbua. Moja ilikuwa juu kidogo kuliko ingine."

Nikamwuliza kama anamkumbuka mwenye gari.

"Sura apana. Lakini nakumbuka alikuwa anauliza sana. Alileta gari mbili mbovu, moja imeungua mbele, ingine imepondwa nyuma na lori. Kila jioni anatoka kazini na tai shingoni, anakaa hapa: mzee, kwa nini shaba? Mzee, kwa nini usianze upande huu? Alinichosha. Siku moja nikampa brashi asugue, ili anyamaze."

"Akasugua?"

"Akasugua na tai yake. Hakunyamaza."

Baba huyo sikumjua. Baba niliyemjua alikuwa mtu wa kalamu mbili mfukoni, aliyeita fundi hata kubadilisha balbu. Nilimwomba mzee anieleze tena alivyokaa, aliuliza nini kingine, alisugua wapi. Alinionyesha nguzo ya mlango wa kushoto. Pale, alisema, kazi ni mbaya kuliko pengine pote.

Nilimpigia kaka nikamwambia aje, bila kumweleza sababu. Alikuja kutoka benki amekunja uso, tayari kwa ugomvi. Fundi akampa ile sumaku, akamwonyesha mstari wa chaki. Kaka alizunguka gari mara moja. Alipofika mlango wa kushoto nikamwambia baba alisugua pale kwa mkono wake. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Sasa lipi ndilo gari la baba?"

Alivua koti, akalitundika kwenye kioo cha pembeni, akainama kuchungulia chini.

Kwa mama tulikwenda pamoja. Kaka ndiye aliyeeleza, maana mimi nilianza mara mbili nikashindwa. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Aliniambia imetoka Ulaya kwa meli," akasema. "Imeshushwa Dar es Salaam, ikaja. Niliwaringia dada zangu kwa ile meli." Kisha akauliza, "Siku ya harusi nilikaa kiti cha nyuma. Ile ya nyuma iliharibika mbele au nyuma?"

"Ya nyuma iliungua mbele, mama," kaka akasema. "Kwa hiyo nyuma ilikuwa salama."

"Basi nilikaa vizuri," akasema, akaingia chumbani akafunga mlango. Siku kadhaa hakutaka tulizungumze. Sikujua kama amekasirika au anacheka peke yake. Mwishowe alipiga simu kuomba kiti cha nyuma kisitupwe. Sasa kiko barazani kwake Kinanira, na anakalia upande uleule wa kulia aliokalia siku ya harusi.

Basi tukakata, naye kaka hakupinga tena. Fundi alipitisha mashine ya kukatia kiganja kimoja nyuma ya mshono wa mzee, cheche zikaruka hadi ukutani. Paa la nyuma likashuka, milango ya nyuma ikatoka, na kwa saa moja tulilifurahia kama watoto. Kisha kaka akajaribu kufunga mlango wa dereva, ukagoma. Wa upande wa pili nao ukagoma. Fundi akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Akarudi nyuma akalitazama gari kwa ubavu.

"Imelegea kiuno," akasema. "Paa ndilo lilikuwa linaishika. Nilipaswa kuifunga vyuma kwanza, sikufunga. Nimekosea."

Nilishangaa kwamba paa, bati jembamba lile, ndilo lililokuwa limebeba gari. Nilimuuliza maswali hadi akacheka, akasema sasa amemwelewa mzee.

Kazi ya kulinyoosha tuliifanya watu watatu. Fundi alilala chini na jeki, akapandisha katikati ya gari kidogo kidogo. Kaka alishika kipande cha mbao kilichonyooka akipima kwa jicho. Mimi nilikuwa mlangoni. Jeki inapanda, nasukuma mlango, unagoma. Inapanda tena, nasukuma, unagusa. Mara ya mwisho ulifunga kwa mlio laini, ule ule niliousikia kila asubuhi baba akiondoka. Kaka aligeuka akanitazama. Hapohapo fundi akachomelea vyuma virefu vya shasi ya ile pikapu ya Kijapani chini ya gari, urefu wote, jeki ikiwa bado mahali pake.

Yaliyobaki yalikuwa ya uvumilivu. Bodi ya Kijapani ilikuwa pana kuliko kabini ya Kifaransa, kwa hiyo pembeni kuna mabega mawili yaliyotokeza, na hatukuyaficha. Ukuta wa nyuma wa kabini na kioo chake vimetoka kwenye pikapu ileile. Rangi niliiacha ya maziwa mbele na ya bluu nyuma. Kaka alitaka yote iwe moja, nikakataa, akakubali haraka kuliko nilivyotegemea.

Tulipokuwa tukisubiri mafuta ya gari, yaliyokuwa yameadimika mjini, nilipanga miche ya parachichi nyuma, nikaitoa, nikaipanga upya, nione inakaa vipi. Siku ya kwanza barabarani nilimpelekea miche mteja wa Kinanira. Kaka aliomba kuja, akapanda nyuma na suruali yake ya benki, ameshika ndoo mbili za maua. Kwenye mwinuko injini ililalamika lakini haikukata tamaa. Miche ilifika imesimama.

Kuna jambo moja tu. Gari likifika mwendo fulani kwenye barabara ya ziwani, linapiga mluzi mwembamba, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo. Ukipunguza, unakoma. Fundi anasema ni kioo cha nyuma. Kaka anasema ni yale mabega mawili. Mzee, alipopelekwa kulisikiliza, alisema si mshono wake, na hataki kusikia mtu akisema ni mshono wake. Tumeziba hapa, tumeziba pale, bado linaimba. Jumamosi tunalitoa tena, mimi kwenye usukani na kaka nyuma ameinamisha sikio kwenye bati.