Mfuko Unaokwenda Mara Mbili

Kila asubuhi, kabla hajalipia mkate wake mweusi, Raili Honkasalo huugeuza na kusoma maandishi madogo ya nyuma. Mkate ni ule ule wa jana.

"Leo wametia mchanga?" muuzaji humtania.

"Bado," hujibu Raili.

Kazi yake katika benki moja ya mji wa Tampere haiko mbali na tabia hiyo. Husoma mifuko ya uwekezaji inayouzwa sokoni kama hisa, kisha huamua kama ni rahisi au changamano. Ulio rahisi, mteja anaununua kwa simu bila kuulizwa neno. Ulio changamano, sharti kwanza aulizwe kama anauelewa.

Wiki hiyo ulikuja mfuko uliofuata soko la hisa la Helsinki, ila kwa kipimo maradufu kila siku: soko likipanda au kushuka kwa asilimia moja, wenyewe kwa mbili. Mzee Auvo, dereva wa basi mstaafu wa ghorofa ya chini yake, alikuwa tayari ameukodolea macho. Alikuwa ameuza nyumba yake ya ziwani, na fedha yote alitaka ilale humo hadi uzeeni kabisa.

Ilpo, mkuu wa mauzo, hakuona utata wowote. Mbili ni mbili, alisema, hata mjukuu wake anajua. Raili hakubisha, maana naye hakuwa na hakika. Kilichomwasha ni yale maneno "kila siku". Akachukua karatasi, akalianzisha soko kwenye mia, siku ya kwanza akalishusha hadi tisini, ya pili akalirudisha mia. Kisha akaupitisha mfuko njia hiyo hiyo. Akahesabu, akarudia, akatabasamu peke yake.

"Ilpo, soko limeshuka, limerudi lilipokuwa. Mfuko uko wapi?"

"Si pale pale, we vipi?"

Akamsogezea karatasi. Mfuko ulikuwa umeshuka hadi themanini, na kwa kupanda kwake kote uliishia tisini na saba na ushei. Ilpo akahesabu mwenyewe mpaka kahawa yake ikapoa.

"Nani kala hizo mbili zangu?"

"Hakuna aliyekula. Kila siku inaanza hesabu yake upya: asilimia ishirini ilishuka kutoka mia, lakini ishirini na mbili ilipanda kutoka themanini tu."

Raili akaandika "changamano", na swali lile lile alilomuuliza Ilpo akaliweka la kwanza kwa kila mnunuzi.

Jioni mzee Auvo alimngoja kwenye ngazi, amenuna. Benki ilikuwa imempigia simu, ikamuuliza.

"Miaka yote naendesha basi, leo mnanipa mtihani," alisema. "Haya, binti, nijibu wewe. Soko likishuka kisha likarudi lilipokuwa, na hela yangu itarudi ilipokuwa?"

"Hapana," alisema Raili. "Itarudi pungufu."