Masikio ya Unga

Sisi tuliokulia katika kambi za wafanyakazi wa kahawa pale Ruiru tunajua kwamba enzi zetu mwanamume hakuingia jikoni. Angeingia, majirani wangesema mkewe amemlisha kitu. Baba yangu aliingia kila Jumapili baada ya mshahara, akakunja mikono ya shati lake kuukuu la jeshi, na majirani wakaja. Mara ya kwanza walikuja kutazama. Baadaye walikuja kula.

Baba alipelekwa vitani Burma kama mpishi wa askari. Huko aliumia mguu, akalazwa muda mrefu katika hospitali ya jeshi huko India, akazoeana na Mchina mmoja aliyewapikia wagonjwa. Wenzake walirudi na saa na makoti. Yeye alirudi akichechemea, na chakula kimoja kichwani. Mchina alikuwa na jina la chakula hicho, lakini ulimi wa Baba ulikataa kulitamka, kwa hivyo nyumbani tulikiita matu, yaani masikio kwa Kikuyu, kwa sababu kila kipande kilikaa kama sikio la mtoto.

Unga wa ngano tulinunua dukani kwa Mhindi karibu na stesheni. Tangawizi ilibidi mtu aende Thika. Baba aliikatakata nyama kwa kisu mpaka ikawa laini, akaitia kitunguu cha majani na kabichi iliyokamuliwa maji. Mimi, Wambui, kifungua mimba wake, kazi yangu ilikuwa kusukuma vichapati vidogo kwa chupa ya soda. Baba alikiweka kimoja kiganjani, akatia nyama katikati, akakikunja na kufinyafinya ukingo mpaka ukafanana na mshono wa kikapu cha kiondo. Vidole vyake vilikuwa vinene, vya mtu wa jembe, lakini kwa kazi hiyo vilikuwa vyepesi ajabu.

Kisha karai. Mafuta kidogo tu, masikio yamepangwa yakigusana, yakaangike upande mmoja hadi yawe ya kahawia. Hapo alimwaga kikombe cha maji na kufunika upesi, na chumba kizima kikajaa mvuke na harufu ya tangawizi.

"Sikilizeni," alituambia. "Maji yakipiga kelele, bado. Yakinyamaza, leteni sahani."

Wajukuu wangu leo hawawezi kuchemsha yai bila simu kuwahesabia dakika. Sisi tulikaa kimya tukisikiliza karai, na mtoto aliyekohoa alitazamwa vibaya.

Aliyekuja bila kukosa ni Wahome, rafiki ya Baba, aliyefanya kazi naye kwenye mashine ya kuosha kahawa. Alikuja na sahani yake, akaketi karibu na mlango, akala kuliko wote.

"Kariuki," alimwambia Baba, "ungekuwa mwanamke ningekuoa."

Watu walicheka, hata Mama, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo.

Ilipotangazwa Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikiwasaka walioapa kupigana nayo, Mama alianza kuogopa hizo Jumapili. Nilimsikia akimwambia, "Baba Wambui, wacha kukusanya watu. Siku hizi watu watatu ni mkutano."

"Ni chakula," Baba alijibu. "Nani atashtakiwa kwa sababu ya chakula?"

Walikuja Jumapili moja mchana, karai likiwa motoni. Ofisa mmoja Mzungu, askari kadhaa, na mtu aliyevikwa gunia kutoka kichwani hadi magotini, lenye matundu mawili ya macho. Tulitolewa sote nje, wanaume wakapangwa mstari mbele ya nyumba. Mtu wa gunia alipita polepole, akitazama kila uso. Alipofika kwa Baba alisimama, akainamisha kichwa mara moja. Basi.

Ofisa aliingia ndani, akatoka na sikio moja mkononi, akalipasua. Akaongea kwa Kiingereza. Mkalimani, Mwafrika mwenzetu, akasema, "Anasema hii ni nyama ya kiapo. Mnaificha ndani ya unga."

"Mwambie ni chakula," Baba alisema. "Mwambie nilifundishwa nikiwapigania wao."

Mkalimani alitafsiri maneno ya kwanza. Ya mwisho aliyameza. Baba akapandishwa lori, na askari mmoja akalipiga karai teke, mafuta yakamwagika kwenye majivu.

Siku hiyo Wahome hakuwa kwenye mstari. Yeye ambaye hakuwahi kukosa. Mama hakuhitaji gunia livuliwe.

Baada ya hapo kambi yetu ilivunjwa, tukahamishiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Handaki lenyewe Mama na wanawake wenzake ndio walilichimba, jua likiwachoma, askari wamesimama juu yao. Mdogo wangu Muthoni alikuwa akililia matu. Mama alijaribu kwa unga wa mahindi na mboga ya terere. Yaliachana ndani ya maji, yakawa uji. Tulikunywa huo uji, na Mama akageukia ukuta.

Baba alirudi kutoka kizuizini miaka ya hamsini ikielekea kuisha. Nilikuwa msichana mkubwa, nachuma kahawa. Alikuwa amekonda, na vidole vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena. Kidole gumba hakikuweza kukutana na vingine. Hakusema waliomfanyia hivyo ni akina nani, na Mama alitukataza kuuliza.

Niliweka akiba nikanunua unga wa ngano na nyama. Jumapili moja nilifanya kila kitu mwenyewe, yeye ameketi kwenye kigoda akinitazama. Masikio yangu yalikuwa manene, mengine yamepinda. Nilimwaga maji, nikafunika, tukasikiliza. Maji yaliponyamaza, Mama alichukua sahani. Baba akanyoosha ule mkono wake.

"Funga mlango kwanza," akasema.

Tulikula mlango umefungwa, kama wezi. Alikula mawili, akaweka sahani chini.

"Chumvi imepungua," akasema. Hakuwahi tena kuyazungumzia.

Wahome alipata shamba zuri wakati mashamba yalipogawanywa upya. Akajenga nyumba ya mawe, akawa mzee wa kanisa. Alipokufa, mhubiri alisema marehemu alikuwa mtu wa watu, ambaye hakula peke yake. Nilikuwepo kanisani. Niliimba na wengine, kwa kuwa sikujua la kufanya na mdomo wangu.

Rika langu hupenda kuwaambia vijana kwamba zamani tulipendana, kwamba jirani alikuwa ndugu. Mimi huitikia kwa kichwa. Ni kweli tulikuwa tukila pamoja kuliko hawa wa leo, wanaoletewa chakula kwa pikipiki na kukila macho yakiwa kwenye simu. Ninaitamani kelele ile ya watu wengi katika chumba kidogo. Hakuna kitu kingine ninachokitamani kama hicho, na sijawahi kukiamini tena.

Sasa naishi mtaa wa Membley kwa mwanangu, ambako kila nyumba ina ukuta wake. Juzi mjukuu wangu Nyokabi aliona chakula kama kile kwenye simu, akaniomba nimfundishe. Tulipika mengi kupita kiasi. Akajaza sahani.

"Shosho, wacha niwapelekee wale wa nyumba ya pili," akasema.

Nilitaka kumkataza, nikashindwa kupata sababu ya kumpa mtoto. Akaenda. Nilibaki nimesimama jikoni, sikugusa chochote, mpaka niliposikia geti likifunguliwa tena. Alirudi akicheka, sahani iko tupu.

"Shosho, wamependa sana. Yule mama anauliza kama wanaweza kuja Jumapili."

Nilifungua bomba nikaanza kuosha karai, ili maji yamfanye adhani sikusikia.