Mikizi kwa Ajili ya Chumba cha Mbele

Mjini Ndar, mji wa wavuvi, mwanamke anayejua kumvua mkizi ngozi bila kuitoboa hana haja ya kujisifu. Watamsifu wengine, wapende wasipende. Arame Gaye alikuwa wa namna hiyo. Alimponda samaki taratibu kwa mchi mdogo, akimgeuza na kumminya kama anakanda mtoto mchanga, mpaka nyama ikaachana na ngozi. Kisha aliuvunja mgongo chini ya kichwa, akaivuta nyama yote na miba yake kupitia shingoni. Kilichobaki ni kichwa, mkia, na mfuko mtupu unaong'aa. Nyama ikachambuliwa, ikatwangwa na kitunguu saumu, kotimiri, pilipili na mkate uliolowekwa, ikarudishwa ndani, na shingo ikashonwa kwa sindano na uzi. Ukimwona kwenye sinia, utadhani samaki kalala.

Hayo wanawake wengi wa Ndar wanayaweza. Wasiyoyaweza ni yale ambayo Arame alitoka nayo jikoni mwa hoteli, alikofanya kazi kabla ya kuolewa. Akishamwoka mkizi, alimkata vipande vya mviringo, akavilaza vikiegemeana kwenye sahani nyeupe pana, mchuzi wa siagi na ndimu akauzungusha pembeni badala ya kuumwaga juu, na kando yake akaweka kamba mmoja aliyekunja mgongo.

"Kamba mmoja?" mama mkwe wake aliuliza mara ya kwanza, enzi za uhai wake. "Huyu anayekula ni mgeni au mgonjwa?"

Lakini alimaliza, na akasogeza sahani aongezewe.

Arame alitaka kitu kimoja kwa mumewe: chumba cha mbele. Kilikuwa na mlango wa barabarani, na ndani yake hakuna kilichokaa ila nyavu mbovu na magodoro ya marehemu baba mkwe. Aliona meza zake mle, watu wameketi, wanakula chakula cha hoteli nyumbani kwake. Aliomba mpaka akachoka. Alassane Diop, mumewe, aliyekuwa akiwauzia wavuvi barafu, alijibu siku zote kwa neno moja: "Tutaona."

Halafu asubuhi moja Alassane akaamka na ulimi wa asali.

"Arame, mke wangu, Ijumaa kuna wazee wanakula kwa ami yangu, ng'ambo ya daraja. Ni watu wakubwa wa mahoteli. Nataka uwapikie vile vyako vya kihoteli. Wakikubali mkono wako, watakuletea wageni mpaka uwakimbie."

"Waje wakae wapi hao wageni? Kichwani kwangu?"

"Chumba cha mbele ni chako. Anza kukisafisha leo."

Mwanamke alifunga kanga kiunoni hapo hapo. Alitupa nyavu, akapiga chokaa mwenyewe, akasugua sakafu hadi magoti yakachubuka. Akashona pazia la mlangoni, jeupe, lenye ukingo wa buluu. Alassane alipita, akachungulia, akasema, "Kinapendeza." Akaenda zake upesi. Arame alidhani ni barafu inamkimbiza.

Ngone alikuja kumsaidia. Ngone ni dada yake Alassane, lakini kabla ya kuwa wifi alikuwa shoga yake Arame. Yeye na Arame waliketi dawati moja utotoni, na ni yeye aliyemvuta Arame kwenye nyumba ile. Alhamisi wakaenda pamoja Guet Ndar, mtaa wa wavuvi, kununua samaki. Muuza mikizi pale alikuwa wa ukoo wa Ndiaye, na Ndiaye na Diop ni watani tangu mababu.

"Eti Diop, mtumwa wangu!" yule mama alipiga kelele mara alipomwona Ngone. "Umekuja kununua samaki au kuomba ukoko? Ninyi mnakula wali mpaka mnasahau majina yenu!"

Siku nyingine Ngone angemrudishia matusi ya kutosha soko zima. Siku ile alitabasamu kidogo tu, akageukia ndoo.

"Wifi, leo umetukanwa bure?" Arame akamwuliza. "Unaumwa?"

"Kichwa tu."

Arame alinunua mikizi, na mmoja wa ziada, maana hata mkono uliozoea unaweza kutoboa. Ijumaa asubuhi hakutoboa hata mmoja. Ngone alishika vichwa vya samaki wakati Arame akishona, na machozi yalimtoka.

"Vitunguu hivi!" akasema Ngone.

Vitunguu vilikuwa kwenye bakuli upande wa pili wa jiko, vimefunikwa. Arame aliona. Akadhani shoga yake amegombana na mumewe tena, na kwa heshima akaendelea kushona.

"Nataka nije mwenyewe kupanga sahani," Arame alimwambia Alassane walipokuwa wakifunga masinia kwa vitambaa.

"Ni wazee, Arame. Wanaume watupu. Ngone atapanga."

Basi akamfundisha Ngone: mchuzi pembeni, kamba mmoja, ukingo wa sahani ufutwe. Masinia yakapanda mkokoteni wa farasi, yakavuka daraja. Arame akaenda kuketi chumba cha mbele, kwenye meza ya kwanza aliyoazima kwa jirani, akingoja kusikia kama wameridhika.

Swala ya alasiri ilikuwa imepita aliposikia sauti barabarani. Bi Kine, mwimba sifa, alikuwa anakuja akiwataja akina Gaye mmoja mmoja mpaka babu wa babu. Ukimwona Bi Kine mlangoni pako anaimba, jua kuna jambo kwako na anataka chake. Aliingia na kokwa mbili za kola kiganjani.

"Arame, binti Gaye! Mwanamke mwenye moyo wa bahari! Nani mwingine angempikia mumewe harusi kwa mkono wake? Wengine humwaga maji ya moto, wewe umemwaga siagi!"

"Bi Kine, umekosea nyumba."

"Nimekosea wapi? Wamefunga ndoa msikitini sasa hivi. Mumeo na binti wa yule mwenye malori ya samaki. Kola ya ndoa hii hapa." Bi Kine akamtazama usoni, na wimbo ukakatika. "Yaa... hukujua?"

Arame alizitazama zile kokwa.

"Mimi ningejuaje?" Bi Kine alijitetea. "Mumeo aliwaambia wakwe wewe mwenyewe umeridhia. Mama wa bibi harusi alisema binti yake hajashika kisu tangu azaliwe, na zamu za kupika atazimudu vipi? Mumeo akasema, kuleni kwanza. Walipokula, yule mama akalamba kidole, akasema, basi, nyumba ina mpishi, mwanangu atakaa vizuri."

Hapo ndipo Arame alipoinuka. Mke wa pili angeweza kummeza, kwa shida, kama wengine walivyowameza wa kwao. Lakini mikizi yake, aliyoishona akiwaza chumba chake, ndiyo iliyomtoa mtu mwingine jikoni na kumfunga yeye humo.

Ngone alirudi na masinia matupu. Alipomwona Bi Kine, hakuvua hata viatu.

"Ulijua," Arame akasema.

"Nilijua."

"Ukanishikia vichwa."

"Kaka yangu aliniapisha, Arame. Na ningekuambia, ungepika?"

"Nisingepika."

"Ndiyo hivyo."

Wala hakusema kwa ubaya. Ndicho kilichomuuma Arame kuliko yote: Ngone aliona ni jambo lenye maelezo.

Alassane aliingia mwisho, na kitambaa cha bei begani, kile ambacho mume humletea mke mkubwa kumpoza. Arame hakukigusa.

"Chumba," akasema. "Nataka kusikia habari za chumba."

"Arame, kuwa na subira. Sasa hivi mke mwenzio hana pa kulala ila mle. Kitanda kimeshaagizwa. Wewe utajengewa kibanda uani, safi tu, utapikia humo."

"Magoti yangu haya hapa, Alassane. Yatazame. Nilikuwa nasugua chumba cha nani?"

Alassane akatazama sinia.

Kitanda kilikuja. Bibi harusi akafuata, msichana mpole, kusema kweli, aliyemwita Arame dada na kupiga goti. Hakuwa na kosa, na hilo nalo liliudhi. Siku ya zamu yake ya kwanza, ndugu zake walikuja wengi, wamevaa, wameshalisifia kwa majirani zao lile sinia la mikizi. Ngone alinunua samaki akawaweka jikoni. Arame alileta kigoda chake uani, akaketi, mikono mapajani.

"Arame, wageni wamekaa," Alassane akanong'ona. "Usiniaibishe."

"Nimeshakupikia harusi. Mimi niliolewa hapa, sikuletwa niwe mahari ya mtu."

"Mara hii moja tu."

"Zamu si yangu. Leo mke wako ni yule."

Alassane alisimama, akamwashiria dada yake. Ngone akaingia jikoni akashika mchi. Alipiga kwa nguvu mno. Arame alimsikia akigeuza samaki mapema, kabla nyama haijalegea, akataka kumwita asubiri. Akauma mdomo. Kisha akasikia Ngone akivuta, na ngozi ikapasuka, mlio mdogo kama kitambaa kibovu. Wa pili naye. Sebuleni wageni walikuwa wanacheka, wakiulizana mikizi inachelewa nini.

Ngone akatokea mlangoni, mikono imejaa magamba.

"Shoga," akasema. "Tafadhali."

Arame hakumtazama. Alitazama mlango wa chumba cha mbele, ambapo upepo ulikuwa unalipeperusha pazia jeupe lenye ukingo wa buluu, na vidole vyake, bila yeye kuviruhusu, vilikuwa vinacheza juu ya kanga kama vinashona.