Jogoo wa Kipkirui

Nasimiyu aliapa hatauza kazi. Aliapa siku aliyoacha ofisi moja ya kuandika watu kazi hapa mjini Nakuru, ambako hata msichana wa kuosha vyombo hakupelekwa popote kabla hajamwona mkubwa, na kumwona mkubwa mnajua ni nini. Akafungua chumba chake Lanet, juu ya duka la mbegu, akabandika karatasi mlangoni: HAPA HATUPOKEI CHOCHOTE. Wengi walisoma karatasi hiyo wakarudi walikotoka. Walidhani ni mtego.

Basi akawa anawatafuta watu mwenyewe. Aliandika kwenye kompyuta maneno kama "fundi friji Nakuru", akauachia mtandao uwavizie kwa niaba yake. Mtu akiyaandika popote, simu ya Nasimiyu inalia. Ndivyo alivyompata Kipkirui wa Bondeni, aliyeweka picha ya friji ya bucha aliyoifufua. Shamba moja la maua Gilgil lilikuwa na chumba cha baridi kisichopoa, na lilitaka fundi wa kudumu kufikia Ijumaa. Lilikuwa shamba kubwa la kwanza kumwamini. Akikosa fundi, wangerudi kwa ile ofisi ya zamani.

Akapiga simu.

"Sikuomba kazi mahali," Kipkirui akasema. "Umenijuaje?"

"Nilikuwa nimeweka alert mtandaoni, ikanileta kwako."

"Alert yangu, kama ya polisi? Kwani mimi ni mhalifu? Madam, uko jela gani?" Akakata.

Simlaumu. Nani kati yetu hajapigiwa simu na mtu anayejua majina yake yote, kumbe ni mfungwa anatafuta wa kumla? Lakini kuitwa tapeli kulimchoma Nasimiyu vibaya. Akaenda Bondeni mwenyewe, akamkuta Kipkirui amepiga magoti nyuma ya friji, akampa barua ya shamba. Kipkirui akaisoma, akaigeuza, akakagua hata upande usio na maandishi.

"Na mnataka nini?"

"Hatutaki kitu. Njoo ofisini Alhamisi, nikupeleke Gilgil."

"Pesa ya kupimwa medical?"

"Shamba litalipa."

"Ya uniform?"

"Hakuna."

Kipkirui akakuna kichwa. "Basi nikuletee jogoo wa mamangu, ya asante tu."

"Hapana. Mimi sipokei."

Hapo ndipo alipoharibu mambo. Kipkirui aliweka spana chini na kusimama.

"Umesema wewe ni Nasimiyu, wa Bungoma? Mluhya anakataa kuku, na vile mnavyowapenda? Madam, enda polepole kabla niite watu."

Alhamisi hakutokea. Simu ya Nasimiyu ililia mara kwa mara: huyu fundi yuko Mombasa, yule anauza friji tu, kuzitengeneza hajui. Mchana shamba likapiga. Fundi afike kesho asubuhi, wakasema, ama watafute kwingine. Nasimiyu alizunguka chumba akimtukana Kipkirui kimoyomoyo, kisha akatutukana sisi sote, nchi nzima. Akachukua simu.

"Kipkirui, hii kazi inatakwa na wengi. Kama unaitaka, leta jogoo. Na awe mkubwa."

Upande wa pili Kipkirui alicheka kwa raha. "Si ungesema hivyo mapema! Nakuja saa hii."

Alifika na shati lililopigwa pasi, jogoo kwapani, na hakuuliza swali lingine hata moja. Ijumaa alikuwa Gilgil. Kufikia jioni chumba kilikuwa kinapoa vizuri, na shamba likamwagiza Nasimiyu watu wengine. Jogoo alifungwa ofisini kwenye mguu wa meza. Jumapili angerudishwa kwa mamake Kipkirui, na jambo hilo lingeishia hapo.

Jumamosi asubuhi mlango ukabishwa. Alikuwa msichana mwembamba, Jeruto, mwosha vyombo aliyeachishwa kazi hotelini. Alisimama kando ya ile karatasi, kuku mweupe mikononi.

"Kipkirui ameniambia hapa kazi ni za ukweli," akasema, "bora mtu asikuje mikono mitupu."

"Sikiliza, dada. Hapa hatupokei..."

Jogoo akawika chini ya meza. Jeruto akainama, akamtazama, kisha akamtazama kuku wake.

"Ama huyu wangu ni mdogo?"