Picha Saba Ndani ya Gunia la Kahawa

Mimi si mtu wa kutulia. Hata chai nainywa nimesimama, na mke wangu amekwisha kuchoka kuniambia nikae. Miaka ile ya tisini nilikuwa nafungasha mizigo katika ofisi ya uwakala wa forodha pale Tunduma, na kazi ilinifaa kwa sababu malori hayakuisha na mikono haikukaa bure.

Dada yangu mkubwa alikuwa mwalimu huko Mbozi. Alikuwa akichonga picha kwenye ubao, anaupaka wino, analaza karatasi juu na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Mbao nzuri zilikuwa shida kupatikana, kwa hiyo akishachapa picha moja huupiga ubao randa ili achonge nyingine. Ndiyo maana picha saba alizoniletea zilikuwa ndizo hizo tu, hazina pacha. Zilikuwa zinakwenda Lusaka kwenye maonyesho, na ambaye kazi yake ingependeza angepewa nafasi ya kusomea uchapaji mwaka mzima. Dada alikuwa amevuka arobaini. Aliweka picha mezani akasema, "Mdogo wangu, nimekuletea wewe kwa sababu unajua kufunga."

Nilijua kweli, tena nilijidai. Nilinawa mikono mara mbili. Kila picha niliifunika kwa karatasi laini ili wino usigusane na nyingine. Nikazibana zote katikati ya maboksi magumu, pembe nikazikinga, nikazungushia nailoni. Hapo ningeacha. Lakini nilitazama mawingu, nikawafikiria wapagazi wa Nakonde, upande wa Zambia, wanavyorusha mizigo juu ya basi, roho ikakataa kutulia. Nikachukua gunia la kahawa lililokuwa tupu, nikautia mzigo ndani na kuushona kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia.

Sijui akili yangu ilikuwa wapi. Kahawa ya Mbozi ilikuwa inavushwa kwa magendo kila wiki, na mimi, mtu wa mpakani, nikazivalisha picha za dada yangu gunia la kahawa.

Kwenye foleni ya kuvuka mpaka nilikuwa nabadilisha mguu huu na huu. Askari wa zamu alishika bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji cha kuchotea sampuli ndani ya gunia.

"Kahawa hiyo?"

"Si kahawa, afande. Ni picha."

"Picha gani zinashonewa gunia?"

Sijajibu, bambo limekwisha kuingia. Lilitoka tupu. Akalitazama, akanitazama, akasema, "Haya, pita," kwa upole kabisa.

Tundu lilikuwa karibu na katikati. Upande wa pili basi la Lusaka lilikuwa limewasha injini. Ningeweza kukata uzi nikaangalia, na basi jingine lingekuwepo kesho yake. Niliogopa. Nikamkabidhi kondakta mzigo, nikarudi kazini karibu nikikimbia.

Wiki zilizofuata nilikuwa natembea hadi Mpemba, nje ya mji, na kurudi bila shughuli yoyote. Kisha dada akaja na barua: picha zimefika zimetoboka zote, hazikuweza kutundikwa. Nafasi amepewa mwingine.

"Wamezifanya nini hao watu?" aliniuliza.

"Wapagazi, dada. Hawana huruma na mzigo wa mtu."

Aliniamini. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini sikusema.

Miaka mitatu baadaye alinijia tena ofisini na picha nne, safari hii za kwenda Dar es Salaam. "Funga wewe," alisema. "Wengine siwaamini."

Nikashindwa. Nilimweleza yote pale pale, gunia, bambo, basi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Ulipoliona tundu," alisema, "hukufungua ukaangalia?"

"Sikufungua, dada."

Alivuta picha zake upande wake wa meza, akaniomba karatasi na gundi, akaanza kufunga mwenyewe. Alikuwa anakosea. Pembe aliziacha wazi, na boksi lilikuwa jepesi mno, litapinda hata kabla ya kufika Mbeya. Mikono iliniwasha. Nilikaa kwenye kiti nikamtazama mpaka alipomaliza, na sikuthubutu kumwambia kitu.