Vifaranga Katika Chumba cha Msichana Wetu

Miaka mingi mume wangu alikuwa akisema kwamba siku watoto watakapoenda bodingi ndipo atakapojua maana ya amani. Aliyasema kila walipocheka sebuleni au kugombania rimoti. Basi Januari ikafika. Msichana wetu tukampeleka shule ya upande wa Gilgil, na mdogo wake wa kiume tukamwacha nyingine kule Kabazi. Tukarudi Nakuru sisi wawili, nyumba ikanyamaza, na yule mtu wa amani akashindwa kukaa nayo.

Alizunguka vyumbani akitafuta wa kumuuliza nani ameacha taa ikiwaka. Akaniuliza mimi. Nikamwonyesha swichi, akaizima mwenyewe. Wakati wa chakula ndipo nilipogundua kwamba maongezi yake ya miaka yote yalikuwa kukemea, na sasa hakuwa na wa kumkemea. Akawa ananisomea habari kutoka kwenye simu yake, kana kwamba mimi sina simu.

Jumamosi moja, watoto wakiwa wamerudi shule baada ya likizo ya Aprili, nilitoka sokoni nikakuta kitanda cha msichana kimesimamishwa ukutani. Sakafuni kulikuwa na maranda ya mbao, duara la kadibodi, jiko la makaa, balbu nyekundu ya joto inaning'inia, na vifaranga wanalia hadi masikio yanawasha.

“Hii ni nini, Baba Watoto?”

“Biashara. Chumba kinakaa bure tu, nimeona nikitumie.”

“Hicho ni chumba cha mtoto.”

“Mtoto ako shule. Ama unataka nifugie kwa jirani?”

Nyuma ya nyumba tuna uwanja wa kutosha kibanda. Lakini kibanda kinataka mtu ashike nyundo, na mume wangu sijawahi kuona msumari wake ukiingia wima. Nikamwambia hao ndege ni wake, mimi sitawagusa.

Baada ya kanisa alileta wanaume wenzake waone. Wakasimama mlangoni na suti zao, mikono nyuma, kama wakaguzi wa serikali. Akawaeleza habari za joto na chanjo, mambo aliyokuwa ameyatazama kwenye video wiki hiyo hiyo. “Chumba kisichozalisha ni hasara,” akasema. Mmoja wao akaitika “Amina!” Juu ya vichwa vyao niliona picha ambazo msichana wangu alibandika ukutani, zimefunikwa na vumbi la manyoya. Nikawamiminia chai na sikukaa nao.

Mwezi wa tano, na baridi ya Nakuru inajulikana, stima ilipotea mchana, balbu ikazimika. Mume wangu alikuwa mjini akitazama mpira. Nilimpigia simu, akasema, “Washa tu jiko, nakuja,” halafu nikasikia watu wakishangilia goli na simu ikakatika. Nilikaa jikoni nikijiambia sitawagusa. Kisha kile kilio kikaanza kupungua, nami nikaenda. Walikuwa wamejirundika kona moja, wa chini wamelaliwa hadi wamekufa. Niliwasha makaa, nikawatenganisha kwa mikono, nikiwasugua mmoja mmoja kwa taulo kuukuu. Wengi walipona. Jioni mfugaji wangu alirudi, akawaangalia waliokufa, akasema, “Hawa watu wa stima wataniharibia mradi.” Kuhusu wazima hakuuliza waliponaje.

Watoto walipokuja nyumbani katikati ya muhula, kuku walikuwa wamekuwa wakubwa, wanapiga mabawa ovyo. Nilikuwa nimemsihi mume wangu awahamishe. “Ni siku chache tu, msichana atalala sebuleni,” alinijibu. Kijana alicheka alipowaona. Msichana alifungua mlango wake, akasimama hapo na begi begani.

“Karibu, tumekuwa wafugaji!” baba yake akamwambia.

“Daddy, na vitu zangu?”

“Ziko kwa gunia, hapo stoo. Hakuna kitu kimepotea.”

Hakulia. Alienda stoo, akafungua gunia, akanusa sweta yake, akairudisha. Kisha akaja kwangu jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mum, naweza kwenda kwa aunty Gilgil? Huko ni karibu na shule.”

Nilimruhusu. Mume wangu alikasirika kweli, akatembea sebuleni akilalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana mapenzi na nyumbani, wanalishwa, wanasomeshwa, halafu wanakimbilia kwa watu. Nyuma yake, upande wa pili wa ukuta, jogoo mmoja alikuwa akijaribu kuwika, sauti imekwama kooni.

Kuku waliuzwa. Nilitoa maranda, nikasugua sakafu kwa sabuni na dawa, nikapaka ukuta rangi, nikatia kufuli na ufunguo nikauweka mwenyewe, kwa maana nilikuwa nimeshamsikia akiongea na mtu kwa simu kuhusu sungura.

Likizo ya Agosti msichana alirudi. Alisifu rangi, akanishukuru, akalala kitandani mwake. Lakini nguo hakuzipanga kabatini. Kila asubuhi alitoa anachohitaji kwenye boksi lake la shule, akalifunga tena, akalisukuma chini ya kitanda. Likizo nzima alifanya hivyo.

Baba yake aliliona lile boksi limefungwa vizuri, akaniita nije nitazame.

“Unaona bodingi imemfunza?” akasema. “Amekuwa msafi kabisa.”