Sifa Zilizomtwika Kimya Mzigo

Jumanne saa nne asubuhi, Kimya aliweka barua juu ya meza ya msimamizi wake, akarudi kwenye pasi kubwa. Barua ilikuwa na mistari miwili: anaomba kuacha kazi kuanzia Ijumaa, mgongo umekataa.

Msimamizi aliisoma mara tatu. Watu wa chumba cha kufulia cha hospitali ile walimwita Bi Daftari, kwa kuwa miaka kumi na tisa alipanga zamu zao kwa mkono, wino wa bluu kwa asubuhi, mwekundu kwa alasiri. Miezi miwili iliyopita kazi hiyo ilikabidhiwa kompyuta. Kila Alhamisi ratiba ilitoka yenyewe, na kila mtu alipata saa arobaini na tano, si zaidi, si pungufu. Yeye aliambiwa apumzike. Hakuweza. Kila jioni aliendelea kuandika nani kashika kazi gani, kama mama anayepikia sufuria kubwa ilhali watoto wote wameshahama.

Sasa alilifungua daftari, akahesabu kwa ncha ya kalamu. Katika siku ishirini na nne za kazi zilizopita, Kimya alisimama kwenye pasi kubwa siku ishirini na mbili, akivuta mashuka mazito yenye mvuke. Mwenzake Mama Pacha, siku moja. Yule kijana anayenyoa ndevu kila asubuhi, waliyemwita Mapozi, hata moja.

Mapozi alikuwa ameketi kwenye benchi akikunja taulo.

"Usinitazame hivyo, Bi Daftari," alisema. "Mimi nimepangwa na mashine, na mashine haina shangazi."

"Wewe kunja. Nikikuhitaji nitakuita."

Alilichukua daftari, akapanda ghorofani kwa fundi wa kompyuta, mwanamke mpole aliyevaa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani.

"Kompyuta yako inaonea watu," Bi Daftari alimwambia.

"Inafuata ilichoambiwa, mama. Tuone." Akaifungua fomu ya Kimya. "Hapa pameulizwa, pasi kubwa anaiweza mara ngapi kwa wiki. Wenzake wameandika moja. Wengine sifuri. Huyu ameandika sita. Kila swali, sita. Nani alimjazia?"

Bi Daftari alivuta kiti akakaa.

Alikumbuka vizuri. Simu ya Kimya ilikuwa ya vibonye, fomu haikufunguka, naye akasema, "Nijazie wewe, dada, unanijua." Akamjazia kwa moyo mkunjufu. Alidhani wakubwa wataona mtu hodari, wampandishe cheo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa yeye, akatwishwa mashuka ya hospitali nzima.

"Ni mimi," alisema.

Fundi hakucheka. Alimwonyesha pia safu nyingine, ya uzito wa kila kazi. Zote zilikuwa zimeachwa kwenye moja, kwa hiyo kwa kompyuta saa ya kukunja taulo na saa ya pasi kubwa zilikuwa ndugu wa tumbo moja. "Hapa mimi sijui niweke nini. Mtu wa kujua ni wewe."

Walikaa na daftari mpaka saa saba. Pasi kubwa ikapewa tatu, kusukuma matoroli mbili, taulo moja. Sita ya Kimya kwenye pasi ikawa moja, na sifuri za bila cheti cha daktari zikafutwa.

Aliporudi chini alimkuta Kimya akinywa maji, mkono mmoja kiunoni.

"Kaka, mzigo wako niliufunga mimi," alimwambia, akamweleza yote. "Barua sijaipeleka. Nipe mpaka Alhamisi."

Kimya alijifuta mdomo. "Sita?"

"Sita."

"Ulinipenda sana, dada." Akaweka kikombe chini. "Alhamisi, basi."

Siku mbili hizo Bi Daftari hakula vizuri. Alhamisi saa tisa ratiba ilibandikwa ukutani, naye akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kimya: pasi kubwa, siku moja. Taulo, siku tatu. Matoroli, mbili. Pumzi aliyoishusha ilisikika mpaka kwenye mashine za kukaushia.

Nyuma yake Mapozi alikuwa akisoma jina lake kwenye safu ya Jumatatu. "Pasi kubwa? Mimi?"

"Mashine haina shangazi, mwanangu," alisema Mama Pacha, na chumba kizima kikacheka.

Kimya alisoma mwisho. Kisha akaenda kwenye benchi la taulo, akakaa, akanyoosha miguu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Dada," aliita. "Ile barua."

"Ninayo."

"Upande wa nyuma hauna maandishi. Usiitupe karatasi bure."

Bi Daftari aliikata katikati, akaibana ndani ya daftari. Jioni ile, juu ya nusu ya kwanza, aliandika kwa wino wa bluu: Kimya, taulo, amekaa.